Mpiga Picha wa Uani

Mlipokuja nyumbani kuniaga nilipostaafu, wasichana, mkaniletea keki yenye umbo la kamera na kuniomba picha zangu za zamani mzitundike ukutani, nilijua hamjanielewa hata kidogo. Picha za zamani sina. Nimepiga picha Voi tangu baadhi ya mama zenu hawajaolewa, na ukifungua kabati langu leo utakuta picha za mahafali, picha za mbuzi wa maonyesho, na picha moja ya shemeji yangu amelala mdomo wazi, ambayo naihifadhi kwa sababu zangu. Kazi yangu yenyewe imo kwenye makabati ya watu wengine. Keki nimeila, ahsanteni, na badala ya picha nawaandikia haya.

Nilianza kwa Mjomba Athumani, kaka yake mama, aliyekuwa na studio karibu na stesheni ya zamani ya reli. Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, katika mji ambao mfereji ukitoa maji majirani huitana. Msumarini palitundikwa koti moja jeusi. Mtu akija kupiga picha ya kitambulisho bila koti, alivalishwa lile, na ndiyo maana wanaume wengi wa Voi wa rika fulani wana koti moja kwenye vitambulisho vyao, mkubwa wa depo na mpakia mizigo wake pia. Kazi yangu siku ya kwanza ilikuwa kulipiga brashi koti hilo na kufuta poda kwenye kola. Kamera niliruhusiwa kuitazama.

Mjomba hakuwa na maneno mengi, ila machache aliyokuwa nayo yalichoma. Filamu moja ilitoa picha thelathini na sita, na ukibonyeza ovyo alikuuliza kwa upole: "Hapo umepiga nini, au umeupenda tu mlio?" Joto la Voi liliharibu filamu, kwa hivyo zilikaa kwenye friji ya duka la soda jirani, na ilikuwa kawaida mteja kuagiza soda akapewa filamu, au mimi kutumwa filamu nikarudi na soda. Mjomba alinifundisha kutazama mwanga kwanza na mtu baadaye. Alisema mtu atakuja tu, hasa kama kuna chakula.

Sasa, harusi za Waislamu wa hapa mjini mnazijua. Wanaume na nikaha yao msikitini, wanawake na mambo yao uani. Mjomba alipiga upande wa wanaume, na albamu ilitoka imejaa kanzu na ndevu. Akina mama walilalamika: ndoa ina watu wawili, mbona albamu ina mmoja? Mwanamume hawezi kuingia kwenye kupamba, pale bibi harusi anapokaa kitini mbele ya wanawake wenzake, nywele nje, mabega nje, dhahabu zote za ukoo zimemkalia. Mjomba akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Wewe ni mwanamke, sivyo?" Nikamjibu kwamba mara ya mwisho nilipoangalia, ndiyo. Akanipa kamera.

Kupamba kwangu kwa kwanza niliiegemeza kamera kwenye nguzo ya hema. Wanawake niliowajua barabarani kwa mabuibui meusi walikuwa humo ndani na nguo za kumetameta, midomo myekundu, mapaja yanatikisika. Mwalimu wangu wa madrasa, ambaye sikuwahi kuona hata unywele wake mmoja, alikuwa katikati ya duara anacheza chakacha kwa kiuno ambacho hakikutajwa popote katika masomo yetu. Nilicheka hadi nikashindwa kubonyeza. Akanikazia macho bila kuacha kucheza, akasema, "Zuhura, fanya kazi yako."

Kazi ikawa hiyo, na masharti yake yakajitunga yenyewe. Filamu ya uani haioshwi na mwanamume. Mjomba alinikabidhi ufunguo wa chumba cha giza, chumba chake mwenyewe, akatoa kiti nje akakaa mlangoni na gazeti, mimi ndani na balbu nyekundu na harufu ya dawa. Hakuwahi kuomba kuchungulia, na alimfukuza aliyejaribu. Picha zikikauka, zilikwenda kwa mama wa bibi harusi pamoja na negativu zote. Studio haikubaki na kitu. Wapiga picha wenzangu wa kiume walitundika kazi zao bora dirishani, mimi dirisha langu lilikuwa na koti.

Ilipokuja rangi nusura inifukuze kazini. Picha za rangi zilihitaji mashine, mashine ilikuwa Mombasa, na waliosimama kwenye mashine walikuwa wanaume. Kwa hivyo dunia nzima ilikwenda rangi, na uani kwetu tukabaki na nyeusi na nyeupe kama watu wa msiba. Bibi harusi mmoja aliyevaa kijani cha kupasua macho aliniuliza kwa nini nimemvalisha sanda. Nilizunguka Mombasa nikiuliza duka hadi duka, mpaka nikampata Bi Nuru, mwanamke mnene mwenye hasira za karibu, aliyekuwa akiendesha mashine kwa zamu. Tukaelewana. Nilipanda basi filamu ziko kifuani, nikaketi kando ya mashine yake, na kila picha ilipotoka aliigeuza kifudifudi. Wenzake walijifanya wana shughuli upande ule, wakaona migongo ya karatasi. Mmoja alimwambia anatuonea wivu. Bi Nuru akamwambia avae buibui aje.

Msidhani nilikaa uani tu. Nilipanda hadi Wundanyi nikapiga harusi za kanisani ndani ya ukungu, ambako picha nzuri ni ile unayoweza kumtambua padri. Nilikwenda Njukini kwa bodaboda, kamera nimeifunga kwa mifuko miwili ya plastiki, nikafika mwekundu kama tofali. Baba wa bibi harusi alitaka kila picha ipigwe mbele ya shamba, maana msimu huo mahindi yalikubali. Nilimtii. Mahindi yalitoka vizuri kuliko bwana harusi, na sikumwambia mtu.

Kamera za dijitali zilipoingia, wengi walifurahi kwamba filamu imekwisha. Mimi nilipoteza safari ya Mombasa na Bi Nuru, nikapata jambo baya zaidi: skrini nyuma ya kamera. Zamani mtu alipigwa picha akaenda zake akala pilau. Sasa kila mmoja anakuja kunichungulia begani. "Nionyeshe. Futa. Hiyo futa, nina videvu viwili. Hiyo pia futa, nina kimoja lakini si changu." Dada mmoja alinifutisha mpaka akabaki mkono wake na soda. Kadi za memori nilizikabidhi kwa mama wa bibi harusi, kama negativu, na hapo wengi wenu mlinicheka. Mliniambia, Bi Zuhura, kadi si ya kutupa, inatumika tena. Najua inatumika tena. Najua pia kwamba ukifuta kitu kwenye kadi, fundi wa simu aliye karibu na stendi atakirudisha huku anatafuna majani ya muguka.

Kisha simu. Mlangoni pa kupamba tukaweka beseni, na mwanamke mmoja asiyependa mzaha akalilinda. Ingia, weka simu, chukua namba. Nimeona simu ikitolewa kwenye kilemba, kwenye nepi ya mtoto, na moja iliita kutoka ndani ya sidiria ya mtu aliyekuwa ameapa kwa Mungu hana. Tulicheka, lakini lilikuwa jambo zito. Picha moja ikitoka nje ya ukuta ule, mwanamke ndiye anayebaki akiieleza maisha yake yote, kwa mume, kwa wakwe, kwa vijana wa kibarazani.

Droni siichukii, niseme ukweli. Nimeona harusi ya kule Mahoo ilivyopigwa kutoka juu, magari yamejipanga kati ya mashamba, mlima kule nyuma, nikasema hapa tumepitwa. Kitu kinafanya kazi yake. Ugomvi wangu na droni ni mmoja tu, na uliniangukia katika harusi yangu ya mwisho, ya Rehema.

Rehema ni binti wa Bi Saumu, yule mwenye duka la vitambaa, na ni mwalimu wa chekechea. Utotoni alimwagikiwa na chai ya maziwa iliyokuwa ikichemka. Kovu linaanzia chini ya sikio la kushoto, linashuka shingoni mpaka begani. Nilimpiga picha nyingi katika harusi za wenzake, na hata humo uani, ambako bibi zake walikuwa wanacheza vichwa wazi, yeye alikuwa na mtandio umekazwa hadi kidevuni. Akisalimiwa kutoka kushoto aligeuka mwili mzima.

Siku chache kabla ya harusi alinijia nyumbani. Akanywa chai yangu yote kabla ya kusema lililomleta.

"Shangazi, mpambaji anataka nikae nimegeukia upande mmoja. Na anataka kunifunika kwa nywele za bandia na mtandio."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka picha moja ya upande huu." Akajigusa bega juu ya nguo. "Moja tu. Mbele ya wanawake wenzangu, sijafunikwa. Kwa Yusuf nitakwenda, nitazaa, nitazeeka, na sitaki kuwa mtu ambaye hajawahi kujiona. Nikiogopa, usinilazimishe. Nisipoogopa, usikose."

Nimeombwa mambo mengi katika kazi hii, kupunguza matumbo, kuongeza dhahabu, kumtoa wifi kwenye picha. Hili sijawahi. Nilimwambia sitakosa.

Siku ya kupamba ilikuwa alasiri, uani kwa Bi Saumu, hema limefunika upande wa wapishi tu, kiti cha bibi harusi kiko wazi chini ya anga kwa sababu nilikuwa nimepachagua mwenyewe kwa ajili ya mwanga. Nyimbo zilipopamba moto, Rehema alinitafuta kwa macho. Nikasogea. Akafungua pini, akaushusha mtandio polepole, ukapita sikio, ukapita shingo. Wanawake wakaona, na mmoja baada ya mwingine wakaacha kuimba. Si kwa kushangaa, walikuwa wanalijua kovu lile wote. Walinyamaza kwa heshima. Mtandio ulikuwa umefika begani, nami nimeshainua kamera, niliposikia mlio juu kama wa nyuki waliokasirika.

Droni. Ilikuja juu ya ukuta taratibu, ikasimama katikati ya uani petu, ikatutazama.

Nimeishi na wanawake hawa maisha yangu yote na sikujua wana kasi ile. Leso zilitoka viunoni, zikarushwa, zikavutwa huku na huku, na kufumba na kufumbua Rehema alikuwa chini ya dari la leso, maandishi yote ya mafumbo yametazama mbinguni. Shangazi mmoja alivua kandambili akairusha droni, ikamrudia mwenyewe. Bi Saumu alitoka kwa wapishi na mwiko wa pilau mkononi. "Nileteeni mwenye kitu hiki," akasema, "na makaa yapo tayari." Droni ikaondoka. Chini ya leso, Rehema alikuwa amejifunga mtandio mpaka kidevuni. "Basi, shangazi," akaniambia. "Imetosha. Usinipige tena leo." Akainuka akaenda chumbani.

Nilijitupia buibui nikatoka nje nimejaa sumu. Chini ya mwarobaini, ng'ambo ya barabara, alisimama mwanamume mwenye ndevu na fulana yenye jina la kampuni yake, rimoti mkononi, anaishusha droni kwa uangalifu. Anaitwa Mwadime, mtu wa milimani, upande wa bwana harusi walimwajiri apige msafara wa magari na nikaha.

"Nani alikuruhusu kuingia uani?"

"Mama, mimi sikuingia," akasema, na alimaanisha. "Waliniambia kabisa, mwanaume haingii kwa hiyo geti. Nikaheshimu. Nikakaa huku. Nikaona nitume droni, maana hiyo si mwanaume. Nilijua mtafurahi, mtapata video kama ya wenzenu."

Niliwahi kusikia visingizio, lakini hicho kilikuwa kimepigwa pasi. Kibaya zaidi, hakikuwa kisingizio. Alikuwa ameketi pale akafikiri kwa nia njema, akatafuta njia ya kututii. Nikamuuliza ameona nini. Nilitaka jibu la kweli, na nilikuwa naliogopa.

"Kuona? Nilikuwa nachunga betri, iko karibu kuisha, na huu mti una matawi mabaya. Halafu nikaona viatu vinaruka." Akafikiri kidogo. "Kwani bibi harusi alikuwa amekaa wapi?"

Nilimtazama usoni kwa jicho la kazi, lile linalojua nani amefumba macho na nani amejifanya. Hakuwa anadanganya. Nilipomweleza alichokatiza, bila kumtajia kovu, nikasema tu binti alikuwa amejifunua, uso wake ulishuka. Akanionyesha mwenyewe kwamba video imo kwenye kadi ya droni na nakala nyingine imebaki kwenye rimoti yenye skrini. Nisingejua hiyo ya pili, na angeweza kunyamaza. Akahamisha video za nikaha kwenye laptopu yake nikiwa nimemsimamia, akachomoa kadi, akanipa kadi na rimoti bila kuangalia. Bi Saumu alitaka kadi iende kwenye makaa palepale. Nikamwambia hiyo kadi si yangu wala yake. Aamue aliyepigwa.

Chumbani Rehema alikuwa amekaa kitandani na dhahabu zake zote, anasikitisha. Nikamwekea rimoti mapajani. "Tazama mwenyewe," nikamwambia. "Hakuna mwingine atakayeitazama." Hakutaka, kisha akataka. Skrini ikaonyesha mabati, mwarobaini, mabati tena, halafu uani, duara la rangi dogo chini kabisa.

"Niko wapi?"

"Hapo kwenye kiti."

"Hiki kitone?"

Tukairudisha. Kitone kikasogea kidogo, leso zikakifunika, video ikaisha kwa kandambili. Mtu mwenye macho makali angeona kwamba kuna mwanamke amekaa. Zaidi ya hapo, hamna kitu.

"Na yeye ameona nini?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Aliniuliza bibi harusi alikuwa amekaa wapi."

Akautazama mkufu wake, bangili zake mpaka kwenye viwiko, kiti kile cha dhahabu kwenye skrini ambacho wapambaji walikihangaikia tangu alfajiri. "Mimi nimevaa haya yote," akasema, "na hakuniona?" Na hapo kicheko kikamtoka, kikamshika mbavu, wanja ukamtiririka, na mimi nikacheka nikalia pamoja naye, maana uchungu ulikuwa umenibana tangu kule nje.

Tulifuta. Mwadime alisimama nje ya dirisha la barabarani ametupa mgongo, akituelekeza kwa sauti tubonyeze wapi.

"Inaniuliza kama nina uhakika," akasema Rehema.

"Bonyeza ndiyo, dada. Na pole sana."

Akabonyeza. Kadi ya droni akaivunja mwenyewe kwa kisigino cha kiatu cha harusi. Kisha akasimama mbele ya kioo, akafungua pini, akauacha mtandio kitandani na kutoka hivyo hivyo. Mpambaji alimkimbilia na nywele za bandia mkononi. Bi Saumu, yule aliyekuwa anataka kuchoma watu, akamshika mkono, akamwambia akae chini.

Jua lilikuwa limeshuka usawa wa ukuta, mwanga unaingia kutoka kushoto, wa manjano, mpole. Rehema alikaa, akageuza uso kulia, na upande wake wote ukaja mbele, sikio, shingo, bega. Maisha yangu yote nimewaambia watu wainue kidevu, washushe bega, wacheke kidogo. Yeye sikumwambia kitu. Nilibonyeza mara moja.

Akanyoosha mkono aione. Aliitazama muda mrefu, nami nikasubiri neno futa, kama wanavyosema wote.

"Hii isitoke hapa," akasema. "Hata Yusuf usimwonyeshe."

"Yusuf si ataona mwenyewe?" nikamtania, na wanawake wakaanza kuguna na kucheka.

"Ataniona mimi," akasema Rehema. "Picha ni yangu."

Nikachomoa kadi, nikamwekea kiganjani.